Picha ya Msiba Niliyoitengeneza kwa Kichogo

Wanawake waliokaa mstari wa mbele, karibu kabisa na jeneza, walinyanyuka kwa pamoja, wakavuta mikeka yao na kurudi nyuma, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walikuwa wanaikimbia picha. Picha yenyewe niliitengeneza mimi, dukani kwangu Bariadi, tena baada ya kubishana na mfiwa aliyeniomba niitoe kwa namna nyingine kabisa. Nimepata aibu nyingi maishani (niliwahi kuanguka na keki ya harusi ya watu, mbele ya maharusi), lakini zile nyingine huwa nazisimulia nikicheka. Hii siwezi kuicheka, na mkiniona natabasamu katikati ya maelezo mjue ni mdomo tu unaotafuta pa kujificha.

Ngoja nianze mwanzo na nifuate mpangilio, maana siku ile nilijaribu kueleza bila mpangilio na mtaona kilichonipata.

Nina duka la steshenari na picha, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti, na msimu wa kipaimara na harusi natoka na kamera. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, boksi lake limepauka kama gunia lililoachwa juani, na kila fundi anayeingia kununua karatasi huitazama kwa huruma na kuniuliza nitaipumzisha lini. Sijawahi kumpa fundi yeyote nafasi ya kuifungua. Ikizimika naifungua mwenyewe, ikikohoa naifuta vumbi, na nilikuwa najisifu kwa hilo hadharani, hasa mbele ya wanaume wanaodhani mwanamke anajua kuwasha na kuzima tu.

Asubuhi ile alikuja Kabula. Ni rafiki yangu wa miaka mingi, anauza mchele sokoni, na mama yake alikuwa amefariki hospitalini baada ya kuumwa muda mrefu. Sisi wote tulimwita mama huyo Mayu Milembe, yaani Mama Milembe kwa Kisukuma. Kabula alitaka picha kubwa ya kuweka kwenye fremu, itangulie mbele ya jeneza kama ilivyo kawaida, na picha nzuri pekee ya Mayu Milembe ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyempiga mwaka uliotangulia, siku ya kipaimara cha mjukuu wake. Maiti ingeondoka mchana kwenda kuzikwa kijijini kwao, mbele ya Mwanhuzi, na gari lisingemsubiri mtu.

Hapa lazima niwaambie jambo moja, la sivyo hamtaelewa kwa nini picha ilikuwa na uzito kiasi hicho. Kule kwao ni kukavu, kuni ni za shida, wanawake wanapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ukiupumua miaka arobaini ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yanakuwa mekundu na hayarudi. Kila mtu anajua ni moshi. Na kila mtu, huyo huyo anayejua ni moshi, anajua pia maneno ya uchawi yanayosemwa juu ya bibi kizee mwenye macho mekundu, na anajua kwamba kuna mabibi waliokatwa mapanga kwa maneno hayo. Mtoto wa jirani alipofariki ghafla, maneno yalianza kumzunguka Mayu Milembe, na kaka yake Kabula, anaitwa Shigela, alimchukua mama yao usiku uleule wakaja kuishi mjini. Mdogo wake Mayu Milembe, anaitwa Ngolo, alikataa kuondoka. Alisema mbuzi wake hawajui mjini. Akabaki peke yake kule nyumbani, na maneno nayo yakapoa.

Kwa hiyo kumrudisha Mayu Milembe kuzikwa nyumbani, mchana, watu wakitazama, jeneza wazi na picha mbele, ilikuwa ni namna ya familia kusema: huyu ndiye mama yetu, mtazameni, hana la kuficha. Shigela alilisema hivyo hivyo kwenye kikao cha msiba na mimi nilikuwepo nikigawa chai.

Basi nikawasha kompyuta. Monita ikabaki nyeusi.

Nilifanya yote ninayoyajua, na niliyafanya kwa utaratibu. Kitaa cha monita kilikuwa kinawaka na kuzima, rangi ya chungwa, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Nikahamisha plagi kwenye soketi nyingine, vilevile. Nikachomoa waya wa picha, nikaupuliza, nikaurudisha, vilevile. Nikafungua boksi, nikatoa kile kibao cha kumbukumbu, nikakisugua meno yake kwa kifutio cha penseli (msicheke, dawa hiyo imeniokoa mara nyingi), nikakirudisha, nikawasha, boksi likatoa mlio wake mmoja mfupi kama kawaida. Mlio mmoja maana yake boksi ni zima. Basi mgonjwa ni monita. Kabula alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja na khanga yake ya msiba, ananitazama, na kila nilipopita mbele yake nilimwambia tunakaribia.

Stoo nilikuwa na monita ya kichogo, zile nzito zenye mgongo mkubwa, niliyoiacha baada ya kununua ya bapa. Nikaibeba, nikaipangusa, nikachomeka waya wake nyuma ya boksi. Haukuingia vizuri. Kichwa cha waya ule kina pini ndogo ndogo nyembamba zilizojipanga, na ukikuta panakaza inabidi uchomoe, utazame, unyooshe palipopinda. Hiyo naijua. Nimewafundisha watu hiyo. Lakini gari la maiti lilikuwa akilini, na macho ya Kabula yalikuwa mgongoni, nikasukuma kwa kiganja mpaka ukaingia.

Kichogo kikawaka. Nilifurahi mpaka nikapiga kofi. Rangi zilikuwa za ajabu kidogo, kila kitu kina ubuluu na ukijani kama unatazama ndani ya chupa, lakini nikasema huo ni uzee, kichogo kimekaa stoo na panya, tutegemee nini. Hata kile kitufe chekundu cha kufungia madirisha, pale juu kwenye kona, kilikuwa cheusi. Nilikiona. Sikujiuliza chochote.

Nikafungua picha. Mayu Milembe akatokea, amekaa chini ya turubai la kipaimara, amevaa kilemba cheupe, anatazama kamera kwa utulivu. Kabula akasogea karibu na kioo, akasema neno ambalo ningelisikiliza leo nisingekuwa nasimulia haya.

"Dada Minza, itoe nyeusi na nyeupe tu. Macho ya mama unayajua."

Nami nikamwambia asogee atazame vizuri. Nikaikuza picha mpaka macho yakajaa kioo. Hayakuwa na wekundu hata chembe. Yalikuwa na rangi ya maji maji, ya kijani kidogo, lakini mekundu hayakuwa. Kabula alishangaa. Akasema labda siku ile mama alikuwa amepumzika, alikuwa mjini tayari, hakuna moshi. Nikasema ndiyo hiyo, umeona, na picha ya nyeusi na nyeupe itamfanya aonekane mtu wa zamani, watu watauliza kwa nini mmeficha rangi. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo huu. Nikamwambia mama yake anastahili rangi.

Tatizo likawa uso. Ulikuwa wa buluu, wa maiti kabisa. Turubai la siku ile lilikuwa la buluu, nikakumbuka, na turubai la buluu hupaka watu wote ubuluu, kila mpiga picha anajua. Dawa yake ni kuongeza nyekundu. Kwenye programu yangu kuna vimshale vya rangi, unavuta kulia rangi inaongezeka. Nikavuta cha nyekundu kidogo, uso haukubadilika. Nikavuta tena, haukubadilika. Nikavuta mpaka mwisho wa mstari. Hakuna kitu. Nikaona kompyuta imelemewa, mambo ya uzee tena, nikaachana nayo, nikapunguza ubuluu kidogo, nikaongeza mwanga, uso ukawa na nafuu. Kile kimshale cha nyekundu nikakiacha pale pale mwisho.

Mimi sina mashine ya kutoa picha kubwa. Nikaweka kwenye flashi, nikampelekea kijana anayetengeneza mabango mtaa wa pili, anaitwa Deo, nikamwambia kwa simu atoe, aweke fremu, afunge kwa karatasi ya kaki na gundi ya karatasi pande zote, maana barabara ya kule ina vumbi. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunipigia, na alinijibu vizuri tu, bila ubishi: alidhani ndivyo tulivyotaka. Watu humletea picha za kila rangi.

Tukaipokea ikiwa imefungwa. Kabula aliipakata safari nzima, ameiegemeza kifuani, na vumbi lilipoingia ndani ya gari aliifunika kwa khanga. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mahali fulani tulipoiacha lami aliniambia wabeja sana, dada, asante sana, na akanishika mkono. Nilijisikia mtu wa maana. Nilikuwa nimeshaanza hata kuwaza namna nitakavyosimulia habari ya monita, jinsi nilivyoishinda.

Mamangu mdogo Ngolo (namwita hivyo kwa sababu ya Kabula) alitupokea mlangoni. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, amejifunga khanga mbili. Alinisalimia mwadila, akaniita ng'wanone, mwanangu, akaniuliza kama tumekula njiani. Nilimtazama macho yake kwa sekunde moja na nikatazama pembeni, kama watu wote.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wengine walikuja kuomboleza na wengine walikuja kutazama, na ukikaa kwenye misiba unawajua kwa namna wanavyosimama. Katekista alianzisha sala, akamaliza, akasema sasa familia iweke picha. Kabula akapiga magoti mbele ya jeneza, akachana kaki.

Uso ulikuwa mwekundu kama umemulikwa na moto. Kilemba cheupe kilikuwa waridi. Lakini kilichowanyanyua wanawake ni macho. Wekundu wote wa moshi ambao kichogo kilituficha ulikuwepo, na juu yake ulikuwepo wekundu niliouvuta mimi mpaka mwisho wa mstari, na kwa vile fremu ilikuwa kubwa, macho yale yaliwaangalia waliokaa mbele na waliosimama nyuma. Mikeka ikavutwa. Kabula hakugeuka. Alibaki amepiga magoti, kaki mkononi.

Kijana mmoja nyuma yangu alisema, wala hakupaza sauti: "Hata picha imekataa kumficha."

Hakuna aliyemkemea.

Na hapo ndipo nilipoelewa, palepale nimesimama, kile kitufe cheusi kikanijia akilini, kimshale kisichofanya kazi, waya uliokaza, na nikajua kwamba pini ya rangi nyekundu ilikuwa imepinda nilipoisukuma. Kila kitu kikapangika. Mtu mwenye akili angeichukua ile picha, akaigeuza chini, akakaa kimya. Mimi nilijiona nina ushahidi. Nikatoka mbele, nikasimama kati ya jeneza na watu, nikasema ndugu waombolezaji, samahanini, ni monita.

Nikaeleza. Nikaeleza habari za kichogo, za waya, za pini, nikaonyesha kwa vidole jinsi pini zinavyokaa (ndiyo, kwenye msiba, mbele ya maiti), nikasema kioo changu hakikuwa kinaonyesha rangi nyekundu ndiyo maana nikaizidisha. Watu walinisikiliza kwa makini sana, na mimi nikachukulia umakini ule kuwa kuelewa. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa karibu na mwenyekiti wa kitongoji aliinua fimbo yake kidogo kuomba nafasi. Aliongea kwa upole.

"Mayu, pole na kazi. Nikuulize. Ulipoitazama picha hii huko kwako, macho yalikuwa mekundu?"

"Hapana, baba. Sikuona wekundu."

"Na binti yake alitazama?"

"Alitazama. Naye hakuona."

"Wawili, mnatazama kwa macho yenu, mchana, na hamkuona." Akawageukia wenzake. "Mnasikia."

Walisikia. Niliona neno linavyopita kutoka mkeka hadi mkeka, na halikuwa neno la pini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewapa, kwa ushahidi wangu, habari ya mwanamke aliyefumba macho ya watu wawili akiwa amekwishakufa, na akajionyesha alipofika kwao. Nilifungua mdomo niongeze, Shigela akaja akanishika kiwiko. Hakunivuta kwa nguvu. Aliniambia sikioni, "Dada, inatosha, tafadhali," na sauti yake ndiyo iliyoninyamazisha kuliko kama angenipiga kofi.

Akaigeuza picha ikatazama jeneza. Lakini watu walikuwa wameshamalizana nayo, na sasa walikuwa wanatafuta mahali pengine pa kutazama, na mahali penyewe palikuwepo. Mama mdogo Ngolo alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, na mkeka ule ulikuwa umebaki peke yake pale mbele. Alifanana na dada yake kama wanavyofanana watoto wa tumbo moja. Alikuwa amelia tangu asubuhi na kabla ya hapo alikuwa amepika, maana wageni walihitaji ugali. Nilimwona mama mmoja akimtazama, akatazama mgongo wa fremu, akamtazama tena. Mama mdogo akavuta khanga taratibu ikamfunika mpaka puani, halafu akaona haitoshi, akajifunika uso wote.

Tulizika. Udongo ulirushwa haraka kuliko kawaida. Chakula kilibaki kwenye masufuria, na kule kwetu chakula cha msiba hakibaki.

Jioni, wakati gari linataka kuondoka, Shigela alikwenda kuzungumza na mwenyekiti wa kitongoji kando ya zizi, na mimi nikamfuata kwa sababu nilitaka kusikia nilichokifanya. Shigela aliuliza moja kwa moja kama mama yake mdogo atakuwa salama. Mwenyekiti alisema hakuna mtu aliyetamka tishio lolote, na kama yupo apelekwe kwake. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyetamka. Shigela alimshukuru, akaingia ndani, akatoka na mama mdogo Ngolo na kifurushi kidogo, akampandisha kwenye gari. Safari hii mama mdogo hakutaja mbuzi. Alikaa mahali ambapo jeneza lilikuwa limekaa, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi.

Kesho yake nilichomoa ule waya. Pini moja ilikuwa imelala kama jani. Niliinyoosha kwa kibanio cha nyusi, nikachomeka, wekundu ukarudi, na Mayu Milembe akatokea kwenye kioo jinsi Deo alivyomwona. Nilizima kabla mteja hajaingia. Halafu nikamwita fundi kwa monita yangu ya bapa, mara ya kwanza maishani, naye akaibeba akaenda nayo na hakunihurumia wala kunicheka, labda kwa sababu ya sura niliyokuwa nayo.

Nilitoa picha nyingine, nyeusi na nyeupe. Kabula aliipeleka kijijini mwenyewe, mwenyekiti akaipokea kwa heshima na kusema ni nzuri. Kabula hajawahi kunilaumu. Anapita dukani kama zamani, tunaongea bei ya mchele, na hajanishika mkono tena. Nami nimejiwekea sharti: sura ya mtu haitoki kwangu kwenda kwa mwenyewe kabla sijaishika kwenye karatasi, nikatoka nayo nje juani, nikaitazama. Na mfiwa akiniomba nyeusi na nyeupe, nampa nyeusi na nyeupe, sitoi hotuba.

Mama mdogo Ngolo anaishi kwa Kabula. Wanapikia gesi. Kabula alimpeleka kliniki ya macho, akapewa dawa ya matone, na kwa kweli macho yamepungua wekundu, wote tunaona. Wiki iliyopita alikuja dukani peke yake, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaniambia anataka kurudi nyumbani kwake kabla ya kulima. Alikuwa amefikiri namna ya kurudi. Anataka nimpige picha, ya rangi, kubwa, karibu na uso, itangulie kwa mwenyekiti watu waione kwanza, halafu yeye afuate.

Alikuwa amevaa kilemba kipya. Nikamwambia mwanga wa siku ile haufai, arudi siku nyingine. Mwanga ulikuwa mzuri. Jana alirudi, nikasema kamera haina chaji, akasema atakuja tena.